Mshangaaji wa Taifa

Palikuwa na nchi moja, na jina lake mtanisamehe. Nililiandika kiganjani nisilisahau, nikanawa mikono kabla ya kula, likaenda na maji. Lakini msijali, haifanani kabisa na nchi yoyote mnayoijua. Huko, hebu fikirini, viongozi walisafiri kila mwezi na wananchi hawakusafiri hata siku moja. Mnaona maajabu hayo?

Na kwa kuwa serikali yao ilikuwa na huruma, haikutaka mtu afe bila kuuona ulimwengu. Ikaunda Wizara ya Safari za Niaba. Kila mwaka ujumbe mzito ulikwenda ng'ambo kutazama vivutio, redio ya taifa ikatangaza moja kwa moja, na wananchi wakasikiliza wakiwa wamekaa chini, kwa utulivu. Matangazo yakiisha, balozi wa nyumba kumi alipita na muhuri, akagonga kadi ya kila mtu: AMEKWISHA FIKA NG'AMBO. Kuna bibi mmoja wa miaka tisini ambaye hakuwahi kuvuka hata mto wa kwao, lakini kadi yake ilikuwa na mihuri kumi na minne.

Kukatokea kasoro ndogo tu. Waheshimiwa walikuwa wamesafiri mpaka wamekinai. Wakionyeshwa mnara, wanapiga miayo. Wakiingizwa kwenye kasri la mfalme, wanauliza choo kiko wapi. Wenyeji wao wakanuna, wakaandika barua: mbona wageni wenu hawashangai? Baraza la mawaziri likakaa siku mbili, likaamua kwamba kila ujumbe uchukue mwananchi mmoja halisi, asiyeona kitu maishani mwake, ashangae kwa niaba ya wote. Cheo chake kikaitwa Mshangaaji wa Taifa.

Mwaka ninaousimulia, cheo hicho kilimwangukia Bi Kidawa wa kijiji cha Vumbuni, mwalimu mstaafu wa chekechea. Msidhani alipendelewa. Ni kweli kwamba Waziri wa Safari za Niaba, Mheshimiwa Masebu, alikuwa mtoto wa kaka yake, na Bi Kidawa ndiye aliyemlea na kumbeba mgongoni baada ya mama yake mtoto kufariki. Lakini sababu rasmi ilikuwa kwamba mama huyu anahitaji kuchangamshwa. Mumewe, Kibwana, alikuwa mwaka wa pili gerezani kwa kosa la kuiba jiwe.

Sasa hilo jiwe, subirini niwaeleze, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Kilimani pale Vumbuni palikuwa na jiwe, ukubwa wake kama ng'ombe aliyelala, na ukiligonga lilikuwa linalia. Si kulia kwa mchezo. Lilisikika mpaka ng'ambo ya mto, sauti nyororo isiyotaka kuisha. Mtoto akitimiza siku arobaini, mama yake alimpandisha kilimani, akachagua mahali pasipo na mwenyewe, akagonga kwa jembe mara moja. Pale pakawa pa mtoto huyo maisha yake yote. Ukioa unagonga mahali pako, ukizaa unagonga, ukirudi kutoka safari ndefu unagonga watu wajue umefika. Miaka na miaka ya kugonga ililitia jiwe vishimo, na kila kishimo kilikuwa na sauti yake. Na mtu akifa, kishimo chake kiligongwa mara tatu. Watu mashambani hawakuuliza ni nani. Walisikia, wakatua majembe, wakasema, "Basi fulani katutoka." Mtunza jiwe alikuwa Kibwana, na kabla yake baba yake.

Siku moja Vumbuni wakaitwa kwenye mkutano wa vyandarua. Desturi ya nchi ile ni kwamba hapana mkutano bila karatasi ya mahudhurio, na hapana mahudhurio bila soda. Unaandika jina, unatia sahihi, unapewa chupa yako. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa imekunjwa upande wa juu. Karani alieleza kwamba ni ili kichwa cha habari kisiingie vumbi. Bi Kidawa aliandika jina lake la kwanza kabisa, kwa mwandiko ule wa ubaoni aliokuwa akijivunia. Kisha akamwandikia na Kibwana, aliyekuwa nyumbani na homa, akamtilia sahihi, akampelekea soda yake kitandani. Kibwana akanywa, akasema amepata nafuu. Ndivyo walivyopendana watu wa nchi ile, na hakuna aliyeona ubaya.

Wiki tatu baadaye wote walioandikwa wakaitwa wilayani kupokea vyandarua. Kikaenda kijiji kizima, Kibwana naye. Vyandarua havikuwapo, ila walihutubiwa saa nne nzima juu ya umuhimu wake. Waliporudi, kilimani palikuwa na shimo na alama za matairi mapana.

Kibwana akakimbia kituo cha polisi kuripoti. Wakamshukuru kwa kuja mwenyewe, wakamweka ndani. Mahakamani aliuliza, kwa heshima zote, mtu mmoja mwenye mgongo mbovu angebebaje jiwe ambalo ng'ombe wanane wasingelisogeza. Hakimu akavua miwani. "Mahakama haikukaa hapa kufundishwa namna ya kubeba mizigo," alisema. "Mshtakiwa alikuwa mtunzaji. Jiwe halipo, mtunzaji yupo. Atakaa gerezani mpaka aonyeshe jiwe lilipo." Na ili haki itendeke, akaamuru Kibwana apewe saa moja kila siku ya kulitafuta, ndani ya ua wa gereza.

Mheshimiwa Masebu alikuja kumpa pole shangazi yake kwa msafara wa magari tisa. Alilia kweli, kamera zikamnasa upande wa kulia, akageuka zikamnasa na wa kushoto. Kisha akamshika shangazi mkono, wakakaa jikoni kwenye vigoda.

"Shangazi, moyo wangu unaniuma. Mkono wangu haufiki mahakamani, si unajua mihimili hii ya dola haiingiliani."

"Najua, mwanangu."

"Lakini kuna msamaha wa rais. Wewe twende ng'ambo ushangae. Vivutio saba, vyote daraja la kwanza. Ukinifanikishia hilo, siku tutakayorudi, Mzee Kibwana atakuwa nje. Nakuapia kwa mgongo wako ulionibeba."

Bi Kidawa akamwamini. Ningekuwa mimi ningemwamini vilevile, mtoto umemfuta kamasi mwenyewe.

Akakabidhiwa kwa Bwana Ligembe, Afisa Mshangao Mkuu, mtu mwembamba aliyetembea na saa ya chuma ya kupimia muda, nzito, imefungwa mnyororo shingoni. Ligembe alimfundisha wiki mbili. Daraja la tatu ni kutumbua macho tu. La pili, mdomo wazi na mkono shavuni, kwa sekunde zisizopungua kumi. La kwanza ni mikono kichwani, hatua moja nyuma, na kutamka kwa sauti inayofika kwenye kipaza sauti: "Sijapata kuona!"

"Na kama nimewahi kukiona?" Bi Kidawa aliuliza.

Ligembe alifungua mwongozo, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Hilo halikutarajiwa," alijibu.

Basi wakaenda. Na niseme ukweli, Bi Kidawa alifanya kazi. Kivutio cha kwanza kilikuwa mnara mrefu usio na mtu ndani. Akashika kichwa, akarudi nyuma, "Sijapata kuona!" Ligembe akabonyeza saa: daraja la kwanza. Cha pili, ukuta uliobaki baada ya nyumba yote kuanguka. Kwao Vumbuni matofali yale yangekuwa yamekwisha jengewa choo zamani, lakini alishika kichwa. Wakamwona farasi wa shaba amebeba mtu aliyegundua nchi fulani, na mkalimani akaeleza kwamba alipoigundua alilakiwa vizuri na wenyeji wake. Wakaona kaburi la mbwa wa malkia, lina maua mabichi kuliko kaburi la mwenye kijiji yeyote. Kila jioni Bi Kidawa alihesabu kwa vidole: vimebaki vitatu, Kibwana wangu. Vimebaki viwili.

Cha tano ndicho kilichomtoa machozi ya kweli. Kilikuwa benchi. Benchi la mbao katika bustani, na kibao cha shaba kimepigiliwa mgongoni mwake: jina kamili la Mheshimiwa Masebu. Wenyeji walikuwa wamempa kwa heshima, kwa ajili ya "ukarimu wake mkubwa."

"Ukarimu gani, mwanangu?" Bi Kidawa aliuliza huku akilipapasa.

"Mambo ya kidiplomasia, shangazi," alijibu Mheshimiwa kwa unyenyekevu. "Huku benchi si mchezo. Kuna marais wamekufa bila benchi."

Bi Kidawa akapiga vigelegele bustani nzima ikageuka. Mtoto wetu! Mtoto wa Vumbuni ana benchi ng'ambo! Ligembe alisema katika kazi yake yote hajaona mshangao safi kama ule, akaomba wizara iuhifadhi.

Cha sita sikikumbuki, kilikuwa na ngazi nyingi.

Siku ya kivutio cha saba waliingizwa katika jumba la makumbusho lenye sakafu inayong'aa. Mwenyeji wao, mama mrefu mwenye miwani, alieleza njia nzima kwamba hiki ndicho kinacholeta watu kutoka kila upande wa dunia, watu wanapanga foleni tangu asubuhi. Mtangazaji wa redio akaweka kipaza sauti tayari. Nyumbani ilikuwa saa kumi alasiri, nchi nzima imekaa chini, mihuri imeloweshwa wino. Pazia likavutwa.

Lilikuwa jiwe. Ukubwa wake kama ng'ombe aliyelala.

Bi Kidawa hakutumbua macho wala hakufungua mdomo. Alisogea, akapita kamba nyekundu kama hakuiona, akaweka kidole gumba katika kishimo kimoja karibu na ukingo. Kidole kikaingia chote. Kilikuwa chake; mama yake alikigonga miaka sitini na mitatu iliyopita. Pembeni ya chake vilikuwapo vitano vya watoto wake, wawili wao marehemu. Kibao kilisema: KITANDA CHA KUPUMZIKIA CHIFU. MATUMIZI MENGINE HAYAJULIKANI.

Na kando yake, ndani ya kioo, palikuwa na karatasi. Ile sehemu ya juu ilikuwa imekunjuliwa sasa, safi, haina hata chembe ya vumbi. SISI WANANCHI WA VUMBUNI TUNALITOA JIWE LETU KWA FURAHA KUPITIA KWA MHESHIMIWA MASEBU, WALA HATUTALIDAI KAMWE. Chini yake, mwandiko mzuri wa ubaoni: 1. Kidawa. 2. Kibwana.

Alisoma mara ya pili akitumaini amekosea, na hakuwa amekosea. Alimgeukia Masebu, na Masebu alikuwa akijifuta jasho kwa leso ya hariri. Orodha ya vivutio ilikuwa imepangwa na wenyeji, na Mheshimiwa, kwa kukinai kwake, hakuwa ameisoma.

"Ni wewe," Bi Kidawa alisema polepole.

"Shangazi, redio iko hewani."

"Umemfunga mume wangu kwa jiwe ulilolitoa wewe. Kwa benchi, Masebu?"

"Shangazi, sikiliza." Alimsogelea mpaka mdomo ukagusa mtandio. "Hiki ndicho cha saba. Sema maneno mawili tu na Mzee Kibwana anatoka. 'Sijapata kuona.' Basi. Nani atakuuliza?"

Ligembe alikuwa ameinua saa yake. Mama mwenye miwani alikuwa akitabasamu, akisubiri kushangaliwa. Na Bi Kidawa, sitawaficha, alifungua mdomo ayaseme. Alimwona Kibwana ameinama katika ua wa gereza, anatafuta jiwe nyuma ya mapipa ya maji, kila siku saa moja. Angeyasema kwa ajili yake hata mara mia. Lakini macho yake yakaangukia kishimo kilichokuwa kushoto kwa chake. Alikijua hicho. Mama mtu alikuwa mahututi wakati ule, kwa hiyo aliyempandisha mtoto kilimani, aliyeshika jembe na kugonga, alikuwa yeye shangazi. Akaufunga mdomo.

Akaikwapua saa ya Ligembe, mnyororo ukakatika, akaigonga kwa nguvu zake zote katika kishimo cha Masebu.

Jiwe likalia.

Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, vioo vya jumba vikatetemeka, na sauti ile nyororo ikazunguka ukumbini isitake kuisha.

Wenyeji walikuwa wamekaa na jiwe lile miaka miwili, wamelipima kwa mizani na kwa mionzi, wala hakuna aliyefikiria kuligonga. Mama mwenye miwani alishika kichwa kwa mikono miwili, akarudi hatua moja nyuma, akasema kwa lugha yake jambo ambalo mkalimani alilitafsiri: "Sijapata kuona!" Na Mheshimiwa Masebu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kusafiri, alisimama mdomo wazi, uso umempauka. Ligembe, kwa mazoea, akaokota kalamu na kumwandikia daraja la pili.

Maana Vumbuni walikuwa wanasikiliza. Walisikia mara tatu, wakaitambua sauti, wakatua vikombe. "Basi Masebu katutoka," walisema. Jioni ile ile wakatandika mikeka, wakaanza matanga. Redio ilitangaza mara tisa kwamba Waziri ni mzima na anakula vizuri. Vumbuni wakajibu kwamba jiwe halijawahi kukosea.

Sasa wenyeji wakafurahi kupita kiasi. Kwenye chakula cha kuagana, mama mwenye miwani alimuuliza Mheshimiwa kama huko kwao kuna kitu kingine cha namna hii. Mheshimiwa alikuwa bado hajisikii vizuri, lakini alijikaza.

"Kuna chemchemi," alisema.

Waliporudi, Bi Kidawa alipelekwa moja kwa moja ofisi ya kijiji, mbele ya Tume iliyoundwa kuchunguza kisa cha jiwe. Hakupewa nafasi ya kugonga popote kwamba amefika, na hata angepewa, angegonga nini? Alisimama, akasema bila kutetemeka, "Mlisema mume wangu atakaa mpaka jiwe lionekane. Limeonekana, nchi nzima imelisikia. Nipeni mume wangu."

Mwenyekiti wa Tume alimpongeza sana. Alisema ugunduzi wake umefumbua macho ya serikali. Jiwe halikuibwa, lilitolewa zawadi, na nakala ya hati ndiyo hii. Kwa hiyo Kibwana si mwizi, na serikali inamtaka radhi kwa hilo. Ila sasa kuna shida nyingine. Mtu ametia sahihi ya kutoa jiwe, kisha anakwenda polisi kusema limeibwa? Huo ni uongo kwa dola, na adhabu yake ni miaka saba.

"Hakutia sahihi!" Bi Kidawa alipiga meza. "Alikuwa na homa, hakufika hata mkutanoni!"

"Jina lake hili hapa, mama. Nani basi aliyesaini?"

Masebu alikuwa amekaa pembeni, akitazama kucha zake. Bi Kidawa alimtazama mtoto yule wa mgongoni mwake, akingoja aseme neno moja tu. Masebu akahamia kucha za mkono wa pili.

"Nilisaini mimi," alisema. "Nilimchukulia soda."

"Ya rangi gani?"

"Ya machungwa."

Karani akaandika: ya machungwa. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko, mtu mzima kama huyu, mwalimu, kughushi sahihi na kujipatia kinywaji cha taifa. Kibwana akafutiwa kosa papo hapo, ikatumwa amri atoke. Bi Kidawa akaambiwa akae kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha la nondo, atachukua nafasi yake.

Akakaa. Alilia kidogo, kisha akafuta macho kwa mtandio, maana Kibwana alikuwa anatoka, na hilo ndilo alilolifuata mpaka ng'ambo. Kupitia nondo aliona turubai limefungwa uwanjani na watu wa kijiji wamejipanga. Ulikuwa mkutano wa kuwapongeza Vumbuni kwa mchango wao katika utalii wa dunia. Mbele palikuwa na meza, karani, na makreti. Mbali kidogo, bondeni, wageni wawili wenye kofia walikuwa wanavuta kamba ya kupimia kuzunguka chemchemi. Aliita, "Msisaini! Jamani, msisaini!" Lakini bendi ya wilaya ilikuwa imeanza kupiga.

Mchana ukaja mlio wa lori. Mlango wa chumba ukafunguliwa na Kibwana akaingia, amekonda, mvi zimemjaa, anacheka kama siku aliyomwoa. Hakuna aliyemweleza chochote zaidi ya kwamba yuko huru na kwamba mkewe yumo humu anasubiri. Alikuwa na chupa mbili mkononi, zote amezifungua kwa meno, alivyozoea tangu ujanani.

"Shika hii, mke wangu. Ya machungwa. Wewe uliniletea yangu nikiwa na homa, ulidhani nimesahau?"

Bi Kidawa hakuipokea. "Kibwana, hii soda umeipataje?"

"Si pale mezani? Nimesaini yangu, nikakusainia na yako." Akamwekea chupa mkononi, akamfumba vidole juu yake kwa upole. "Wala usiwe na wasiwasi, ni ya mahudhurio tu. Hata karatasi yenyewe wameitunza vizuri, wameikunja juu isiingie vumbi."